Pa Kuzamia

Mji mzima ulimcheka mgeni aliyekuja jangwani na mtungi wa hewa mgongoni na viatu vya mpira kama miguu ya bata, akiuliza pa kuzamia. Hata ngamia walicheka.

"Zamia mchangani, bwana!" Dhahabo alimkejeli.

Mchana mumewe, Galgalo, akishuka kuchimbua kisima kilichokauka, hewa mbaya ikamwangusha huko chini. Taa ya mafuta waliyoteremsha wenzake ilizimika njiani. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Dhahabo akamkimbilia mgeni, akampigia magoti. "Kaka yangu, pa kuzamia pamepatikana. Maji hamna, ila nakusihi."

Mgeni akauma mpira wa mtungi wake wa hewa, akafungwa kamba kiunoni, akatokomea gizani.

Kamba ililegea. Dhahabo aliishikilia, hata kupumua akasahau. Kisha ikakaza mikononi mwake, nzito kuliko mtu mmoja.