Neno la Siri la Ruzuna

Nargisi alikuwa akifuta mlango wake kwa kitambaa kibichi, akisugua kwa hasira mpaka rangi ikaanza kubanduka. Hapo mlangoni ndipo alipokuwa ameandika kwa chaki neno la siri la intaneti yake, majirani wapate kuitumia kama walivyochota maji bombani kwake. Sasa mmoja wao alikuwa amepitia humo, akaingia kwenye kompyuta yake na kuiba picha alizopiga kwenye hina ya harusi ya Ruzuna, sherehe ya wanawake peke yao. Mji mzima ulikuwa umemwona bibi harusi kichwa wazi, akicheza.

"Kosa la mmoja, dada, utunyime sote?" akauliza Badi, jirani yake.

"Nyote. Mpaka huyo mmoja ajitaje."

"Na aliyeliandika mlangoni nani?"

Nargisi akazidi kusugua.

Mara akatokea Ruzuna mwenyewe, hina ingali imekoza mikononi. Badi akainamisha macho, akampisha. Nargisi akangoja matusi.

"Picha zangu bado zimo kwenye kompyuta yako?" akauliza Ruzuna.

"Zimo. Nazifuta sasa hivi."

"Usizifute. Ni harusi yangu." Wakaingia ndani, na Ruzuna akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Kompyuta tutaifunga. Neno la siri nitaliweka mimi."

"Na mimi nitaifunguaje?"

"Utakuja kuniita."

Nargisi akageukia ukutani, asilione. Nyuma yake vidole vyenye hina vikaanza kugonga herufi, moja moja, neno refu lisiloelekea kwisha.