Mkono wa Bi Mwajabu

Tunu alipoona bango la "Chipsi za Kukatwa kwa Mkono" kibandani kwa kaka yake, aliingia jikoni moja kwa moja. Hapakuwa na mtu. Mkono wa chuma ulikuwa umeshika kisu, unakata viazi.

"Kaka Shebe, unawadanganya watu mchana kweupe!" akamwambia kaka yake aliyemfuata ndani.

"Sheria inaruhusu. Mashine ikifundishwa na mkono wa mtu, nayo inahesabika mkono. Hii aliifundisha mama kabla hajafariki."

Tunu akaukodolea macho mkono ule. Kila ulipomaliza kiazi, ulipangusa kisu hewani, pale ambapo mama yao, Bi Mwajabu, angekuwa amefunga kanga yake kiunoni. Hasira zikampanda.

"Mama kakata viazi mpaka vidole vikapinda!" akafoka. "Hata kaburini humwachi apumzike? Huna haya?"

Akazima swichi kwa kishindo. Kisu kikaanguka mezani. Lakini kwa chaji iliyobaki, vidole vya chuma vikaanza kujikunja na kujikunjua polepole, kama alivyofanya mama kila jioni vidole vilipomuuma.

"Hilo mama hakuifundisha," Shebe akanong'ona.

Mteja akagonga dirisha, akaulizia chipsi zake.

Shebe akawasha swichi.