Mwaliko wa Longbridge

Wa mwisho kumkataa alikuwa meneja wa baa moja ya Stratford Road. Hakutaka hata kulisikia gitaa. Aliuliza tu Damien ana wafuasi wangapi mtandaoni, kisha akarudi kufuta bilauri zake.

Damien alirudi nyumbani na gitaa mgongoni. Mkewe, Lucie, hakumpa pole; alimuuliza kwa Kiswahili chao cha Bukavu:

"Utapika hiyo gitare mpaka lini, Papa Merveille, na hakuna mutu anakuita?"

Merveille, binti yao aliyezaliwa hapahapa Birmingham, aliongeza kwa Kiingereza kwamba yeye hajawahi kumwona baba akitumbuiza popote zaidi ya sebuleni. Hilo lilimchoma Damien kuliko baa zote. Kule Bukavu harusi zilisogezwa mbele zikimngoja yeye. Hapa mwanawe wa kumzaa anamwona mwongo. Mvumilivu hula mbivu, husema waliokwisha kushiba.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Magdalene, nesi Mkenya aliyekuwa akiandaa sherehe ya Waafrika Mashariki katika kiukumbi kimoja cha Longbridge. Jina la Damien alipewa kanisani na Emery, Mkongo mwenzake.

"Emery ameniambia hakuna mtu anakushinda," alisema.

"Miye napika tangu butoto, mama," Damien alijibu. "Bukavu hakuna mariage ilipita bila miye."

Magdalene alifurahi. Akauliza kama ana vyombo vyake, Damien akasema anavyo. Akamwomba awahi, kabla watu hawajaingia.

Siku ilipofika, Damien alipiga pasi shati lake la jukwaani, lile la Bukavu, akashangaa kuona bado linamwenea. Lucie alisuka nywele upya. Merveille aliwaita rafiki zake wa shule, na ukumbini akawahi viti vya mbele kabisa, simu tayari mkononi ili amrekodi baba yake.

Damien alizungukia mlango wa nyuma. Magdalene alimpokea kwa shukrani tele, akamvisha aproni shingoni kabla hajasema neno.

"Mbuzi iko hapo kwa sinki, imeshakatwa," alisema. "Fanya haraka, bendi inataka kula kabla ya kupanda jukwaani. Na hiyo gitaa yao, nipe niwapelekee."