N ya Nyumba

Tangu afiwe na mume, Mwalimu Saumu aliwafundisha watoto wa chekechea sebuleni kwake. Eda ilikwisha Ijumaa, lakini Jumatatu miguu ilimgomea mlangoni, akawapokea tena ndani.

"N ya nyumba," alisema, akawagawia picha za nyumba za kupaka rangi.

Kibibi aliupaka mlango wote mweusi.

"Mbona hivyo, mwanangu?"

"Nimeufunga. Si wewe hutakiwi kutoka?"

"Eda yangu imekwisha."

"Sasa unaogopa nini? Twende shule, Mwalimu, kuna bembea!"

Wenzake wakakimbilia kandambili zao. Saumu alivaa buibui, akashika komeo. Watoto walijazana nyuma yake, wakimsukuma kwa viganja vilivyojaa rangi, lakini mkono wake ukabaki kwenye komeo la baridi, bila kulivuta.