Mawe Bapa

Mama mkwe aliliinua tofali la saruji hadi usawa wa kifua, akaliachia. Likapasuka sakafuni, kipande kimoja kikaruka hadi miguuni mwa mkaza mwana wake.

"Hili ndilo la kuzuia udongo?" aliuliza. "Hili hata kuku halimzuii."

Mkaza mwana aliokota kile kipande. Mvua zilikuwa zimeporomosha udongo wa mteremko wa nyuma hadi ukutani mwa nyumba, na mumewe, anayefanya kazi mbali, akapiga simu: "Mama anakuja kusimamia ujenzi wa ukuta wa kuzuia udongo tu. Ukuta ukiisha, basi." Tangu afike, mama alikuwa amepanga upya kabati la vyombo, amekosoa chumvi kila mlo, na amewaeleza watoto jinsi baba yao alivyokuwa amenawiri kabla ya kuoa.

Mkaza mwana alitaka kitu kimoja tu duniani: ukuta uishe, mama aondoke.

"Basi tuweke mbao," alisema. "Nguzo, mbao, misumari. Kazi ya siku mbili."

"Mchwa watakuombea dua."

"Mama, ukuta wenyewe unaishia magotini! Si ngome."

"Kwako kila kitu ni bora liende. Hata mchuzi."

Fundi, aliyekuwa amechuchumaa kivulini, alishughulika na kamba yake ya kupimia kana kwamba imefungwa fundo gumu sana. Alishafanya kazi katika nyumba nyingi, na alijua wakati wa kuwa kiziwi.

Ikawa mawe. Lakini si mawe yoyote tu. Lori la kwanza mama mkwe alilirudisha langoni kwa sababu mawe yalikuwa ya mviringo. "Haya yatateleza kama viazi," alimwambia dereva. "Niletee mawe bapa, yanayokaa chini yakatulia." Yalipokuja, akataka msingi upanuliwe. Kisha akataka kokoto nyuma ya ukuta, na bomba chini yake, ili maji yapite yasiusukume.

Mkaza mwana aliacha kubishana. Kila ubishi ulikuwa chakula kingine cha jioni na yule mama mezani.

"Weka, fundi," alisema. "Akitaka dhahabu, weka dhahabu."

"Na huo udongo wa juu, nyuma ya ukuta, ushindilie," mama mkwe akaongeza. "Tena. Nataka hata ukiweka ndimu isibingirike."

"Mama, pale ni pa kuanikia nguo tu."

"Wewe anika. Mimi nashindilia."

Akashindilia kweli, kanga kaifunga kiunoni, jasho likimtiririka. Mkaza mwana alimtazama dirishani akacheka kimoyomoyo. Mtu mzima anajivunja mgongo uani kwa mwenzake, ilimradi apate la kusema. Na alilisema: kwamba vijana wa siku hizi hata udongo unawashinda.

Ukuta ukaisha. Ulikuwa umenyooka, umeegemea mteremko kidogo, na maji ya kujaribia yalitoka bombani bila kelele. Fundi alipanda juu ya kiwanja tambarare kilichopatikana nyuma ya ukuta, akarukaruka na mabuti yake. Hakikutikisika.

"Huu mtakufa mtauacha," alisema.

"Tumemaliza, basi," alisema mkaza mwana, upesi mno. Asubuhi hiyo alikuwa amefua shuka za mama mkwe, amezikunja, na amemfungia maandazi ya safari. "Mama, asante kwa yote. Nikuitie gari?"

"Nimeshaita."

Honi ikalia nje. Mkaza mwana alikimbia bila viatu, akafungua lango lote, upande huu na upande ule, akampungia dereva mkono kama anayepokea maharusi. Lori likaingia kinyumenyume hadi uani.

Lilikuwa limejaa. Matofali ya kuchoma, mabati, kitanda, jiko, na juu kabisa, mlango mmoja uliopakwa rangi ya bluu.

Mama mkwe alikuwa ameshapanda juu ya kiwanja, akionyesha kwa fimbo.

"Fundi, chumba changu kianzie hapa," alisema. "Na mlango utazame jikoni kwake."