Maskara Isiyotoka kwa Maji

"Nikupake maskara ya kope ya kawaida, au isiyotoka kwa maji?" mpambaji alimuuliza bibi harusi.

"Isiyotoka," Sikudhani alijibu upesi.

Shangazi yake, Kalunde, aliyekuwa akipiga pasi shela, aliinua macho. "Hiyo ina ubaya gani?"

"Haina ubaya, mama," mpambaji alisema. "Bibi harusi akilia, uso unabaki safi na picha haziharibiki. Ila kuitoa ni kazi. Bila mafuta, inang'oa kope."

Kalunde hakuridhika. Bibi harusi kulia ni kawaida, lakini nani hujiandalia machozi tangu asubuhi? Akasogea karibu. Chini ya poda, macho ya binti wa kaka yake yalikuwa yamevimba.

Akamwomba mpambaji awapishe, akafunga mlango, akamimina mafuta kwenye pamba.

"Shangazi, usiitoe! Nikilia watu watajua."

"Acha wajue kwamba hutaki ndoa hii, mwanangu. Au niambie nimekosea, nikuombe radhi."

Nje, honi za magari ya bwana harusi zilikwisha kusikika langoni. Taratibu Sikudhani akafumba macho, akamwinulia shangazi yake uso.