Sweta Chini ya Ziwa

Roboti ilipofika chini ya Ziwa Tanganyika, wanafunzi kutoka Laela waliojazana ufukweni mbele ya skrini walipiga makofi. Kwenye skrini, samaki wadogo walikuwa wakiingia na kutoka kwenye mkono wa sweta lililolala mchangani.

Rosina, mpishi wa msafara wa watafiti, aliacha mwiko akasogea. Sweta lilikuwa la kijani, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Alikishona mwenyewe, asubuhi mumewe alipokwenda kuvua asirudi. Mwili haukupatikana, kaburini walizika mgomba badala yake.

Ndani ya sweta mlikuwa na mifupa.

"Mtoeni," alisema. "Nawaomba. Ni mume wangu."

Mtaalamu wa samaki hakugeuka.

"Pole sana, mama. Lakini humo wametaga. Tusubiri mayai yaanguliwe."

Akasogeza kamera karibu, watoto waone vizuri.